Tubakize Ufuta wa Kutia Chunguni



Katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa hatuna shida kubwa ya mboga za majani. Mvua zikinyesha, mchicha huota wenyewe nyuma ya nyumba. Kisamvu tunacho karibu mwaka mzima. Tuna majani ya maboga, majani ya kunde, matembele na mlenda. Maembe yakiiva, mengine huoza chini ya miembe kwa kukosa mtu wa kuyaokota. Mapapai na maboga pia tunayo.

Mengi ya majani hayo, pamoja na matunda yenye rangi ya njano au ya chungwa, yana kitu kinachoitwa karotini. Mwili hukichukua kitu hicho ukakigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A hutuwezesha kuona giza linapoingia. Tena hulinda macho, koo na utumbo. Mtoto mwenye vitamini A ya kutosha hupambana vizuri na surua na kuhara. Mtoto aliyepungukiwa nayo huugua sana. Anaweza kupofuka, na anaweza kufa.

Basi mtu atauliza: Kama mboga tunazo, kwa nini mtoto wa huku kwetu apungukiwe na vitamini A?

Sababu ziko nyingi. Mimi leo nataka kueleza moja tu, maana nimeiona katika ukoo wangu mwenyewe. Sababu hiyo iko jikoni, wala haiko shambani. Nyumba nyingi huchemsha mboga kwa maji na chumvi, basi. Mboga iliyopikwa hivyo humpa mlaji karotini kidogo sana. Ili karotini iingie mwilini, inahitaji mafuta.

MAJI HAYAIWEZI KAROTINI

Jambo hili kila apikaye anaweza kuliona kwa macho. Ukikaanga nyanya, mafuta hugeuka mekundu. Mchuzi ukitulia, utaona matone mekundu yanaelea juu. Ile rangi nyekundu ya nyanya ni ndugu wa karotini. Imetoka kwenye nyanya ikaingia kwenye mafuta.

Sasa chukua karoti, uichemshe kwa maji matupu. Maji hayabadiliki sana, na karoti inabaki na rangi yake. Kaanga karoti nyingine kwa mafuta. Mafuta yatapata rangi ya njano. Hii ndiyo tabia ya karotini. Haiyeyuki katika maji. Inayeyuka katika mafuta.

Katika mchicha na kisamvu hatuioni karotini, kwa sababu rangi ya kijani imeifunika. Lakini imo. Jani lenye kijani kilichokoza lina karotini nyingi kuliko jani jeupe la kabichi.

KAZI YA NYONGO

Tabia hiyo ya jikoni ndiyo hiyo hiyo ya tumboni. Kila mtu aliyechinja kuku anaifahamu nyongo. Nasi binadamu tunayo. Imo ndani ya kifuko kidogo karibu na ini. Chakula chenye mafuta kikifika katika utumbo mwembamba, kifuko kile hujikamua na kumwaga nyongo.

Nyongo hufanya kazi kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta. Huyavunja mafuta yakawa matone madogo sana, ambayo jicho haliwezi kuyaona. Karotini huingia katika matone hayo. Matone huichukua mpaka kwenye ukuta wa utumbo, na hapo ndipo inapopita kuingia mwilini.

Tuseme karotini ni abiria asiyejua kuogelea, naye anataka kuvuka mto Lukuledi uliojaa. Mafuta ni mtumbwi. Mtumbwi usipokuwapo, abiria atakaa ukingoni mpaka achoke. Karotini iliyokosa mafuta hubaki ndani ya makapi ya mboga. Mwisho wake ni chooni.

Kwa hiyo mtoto anaweza kula mchicha kila siku, na sahani yake ikawa nzuri kuitazama, lakini mwili wake ukapata kidogo tu.

WATU WAMEPIMA

Maneno haya hayatoki kichwani mwangu. Watu wameyapima, na baadhi yao walipima karibu na sisi.

Mwaka 1958 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Rwanda. Wavulana waliochunguzwa walikuwa wanakula chakula chenye mafuta machache sana. Katika kila sehemu 100 za karotini waliyokula, miili yao ilichukua kama sehemu 5 tu. Kisha wakaongezewa gramu 18 za mafuta ya zeituni kwa siku. Miili yao ikaanza kuchukua kama sehemu 25. Kilichoongezwa ni mafuta tu.

Mwaka 1980 Wahindi nao walichapisha matokeo yao. Waliwapa watoto mboga za majani. Watoto wengine hawakutiliwa mafuta, wengine walitiliwa gramu 5, na wengine gramu 10. Waliopata mafuta walinufaika zaidi. Lakini waliopata gramu 10 hawakuwapita waliopata gramu 5.

Tena mwaka 2004 watafiti wa Tanzania walichapisha habari za mboga za majani zinazoliwa hapa nchini. Walizipika bila mafuta, kisha wakazipika kwa mafuta ya alizeti na mafuta ya mawese. Wakapima maabara ni karotini kiasi gani inayoachwa na mboga ili iweze kuingia mwilini. Mboga zilizopikwa kwa mafuta ziliachia karotini nyingi zaidi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba hatuhitaji mafuta ya kuogelea. Gramu 5 ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Mtu akipata kiasi hicho katika mlo wenye mboga, kazi inafanyika. Mafuta mengi mno ni hasara ya fedha, na kwa watu wazima huleta unene na maradhi.

Ukitaka ushahidi mwingine, kumbuka matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5 hupewa kila baada ya miezi 6. Muuguzi hukata ncha ya kidonge laini, akakamulia kinywani. Kinachotoka ndani ya kidonge kile ni mafuta. Waliotengeneza dawa hiyo walijua kuwa vitamini A husafiri ndani ya mafuta, ndiyo maana wakaiweka humo.

MTOTO WA MDOGO WANGU

Mimi ni mkulima. Nimeolewa upande wa Ruangwa, lakini nyumbani kwetu ni Nachingwea. Mdogo wangu wa kiume amebaki huko na mama yetu. Ana mke na watoto, na mmoja wa watoto hao ndiye aliyenifanya nianze kuuliza mambo haya.

Mtoto huyo alikuwa na miaka minne. Aliugua surua, akapona, lakini hakurudia hali yake. Nilikwenda kuwatembelea. Mchana alicheza na wenzake kama kawaida. Jua lilipozama alikaa kimya karibu na bibi yake. Chakula kilipoletwa, alipapasa mkeka akitafuta bakuli. Alipoinuka alijikwaa kwenye kinu kilichokuwa mbele yake. Wenzake walicheka. Mama yangu hakucheka. Alisema, "Huyu haoni. Tangu juzi namtazama."

Kesho yake asubuhi mimi na wifi yangu tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimtazama macho, akauliza habari za surua. Akampa matone ya vitamini A siku ile. Akatuambia tumrudishe kesho apewe tena, na baada ya wiki mbili apewe mara ya tatu. Hazikupita siku nyingi mtoto akaanza kuona jioni. Alikimbizana na kuku mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemkataza.

Lakini muuguzi hakuishia kwenye dawa. Aliuliza, "Mama, mtoto huyu anakula nini?"

Wifi yangu akajibu, "Ugali wa muhogo na mboga. Mchicha, matembele, kisamvu. Mboga hakosi."

"Mnaipikaje?"

"Tunachemsha na chumvi."

"Karanga je? Ufuta je?"

Wifi yangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Tulivuna. Umeuzwa wote."

Muuguzi hakumlaumu. Alieleza kwamba surua hutumia vitamini A nyingi mwilini, na kwamba mtoto aliyeingia katika surua akiwa na akiba ndogo hupata taabu zaidi. Ini ndilo linaloweka akiba hiyo. Akiba haijengwi kwa matone ya kliniki peke yake. Hujengwa kwa chakula cha kila siku. Nami sisemi kuwa ukosefu wa mafuta ndio pekee uliomletea mtoto yule ugonjwa wa macho. Nasema kuwa mboga alizokula miezi yote ile zingemsaidia zaidi kama zingetiwa mafuta.

MAFUTA YETU YANAKWENDA WAPI?

Ajabu ni kwamba sisi si watu wa kukosa mafuta. Ardhi yetu inayatoa. Katika kilo 100 za ufuta, karibu nusu ni mafuta. Karanga ni hivyo hivyo. Korosho nazo zina mafuta mengi.

Watu wa mbali walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Watu wake walikuwa wanagawiwa mafuta kwa kadi. Serikali yao ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Yaliletwa matrekta, miti ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Mpango haukufaulu, ukaachwa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa katika miaka ya 1960.

Wazee wengi husimulia habari hizo kama kichekesho cha matrekta. Mimi naona lipo funzo jingine. Taifa zima lilivuka bahari kuja kutafuta mafuta, kwa kuwa lilijua mwili hauendi bila mafuta. Sisi tunaokaa juu ya ardhi hiyo tunachemsha mboga kwa maji.

Siku hizi zao linalotoka kwa wingi ni ufuta. Mkoa wetu wa Lindi unajulikana nchini kwa zao hili. Tunavuna, tunapeleka ghala la chama cha ushirika, mnada unafanyika, tunalipwa. Mimi siupingi mnada. Ufuta umejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Wangu pia wamesoma kwa ufuta.

Lakini zamani bibi zetu walikuwa na kawaida moja. Baada ya kupepeta, sehemu ya ufuta iliingia katika kibuyu cha jikoni. Walikaanga kidogo, wakaponda kinuni, wakatia katika mboga. Hawakujua neno karotini. Walijua kwamba mboga ile ni tamu na watoto hunawiri. Bei ilipopanda, kibuyu cha jikoni ndicho kilichoanza kukosa.

HESABU YA NYUMBA

Tuliporudi kutoka zahanati, tulikaa na mdogo wangu tukazungumza. Mwaka ule alikuwa amevuna kilo 310 za ufuta. Zote zilikwenda mnadani. Nilipomwambia abakize chakula, alisema, "Dada, kila kilo ninayobakiza ni daftari la mtoto. Nikibakiza gunia, nitalipa nini shuleni?"

Neno lake lilikuwa la haki. Basi tukachukua kalamu.

Kijiko kikubwa kimoja kilichojaa ufuta ni kama gramu 10. Nusu yake ni mafuta, yaani gramu 5. Nyumba yao ina watu 6. Kila mtu akipata kijiko kimoja katika mboga kila siku, ni gramu 60 kwa siku. Zidisha kwa siku 365. Utapata kilo 22, kasoro kidogo.

Kilo 22 katika kilo 310 ni kama kilo 7 katika kila kilo 100. Kilo 93 zinakwenda mnadani, kilo 7 zinakwenda chunguni. Mdogo wangu alirudia hesabu ile mara mbili. Alikuwa amefikiri ni gunia zima.

Hata hivyo hakukubali mara moja. Alisema ufuta ukiwa ndani, siku ya shida utauzwa tu. Mama yetu ndiye aliyetoa njia. Alisema ipandwe pia sehemu ndogo ya karanga karibu na nyumba, na karanga hizo zisimamiwe na mkewe. Alisema, "Chakula cha chungu kishikwe na anayeshika mwiko." Neno hilo lilipita.

Msimu uliofuata walifanya hivyo. Sitaki kuwadanganya, wasomaji. Karanga na ufuta wa jikoni havikufika mwisho wa mwaka. Wageni walikuja, msiba ulitokea, na mbegu nyingine zikahitajika kupandwa. Mwezi Januari kibuyu kilikuwa kitupu. Lakini miezi 6 na zaidi mboga ya nyumba ile ilitiwa mafuta, na awali haikuwa ikitiwa hata mwezi mmoja. Mwaka huu wameongeza eneo la karanga.

NAMNA YA KUPIKA

Ndugu zangu, haya ndiyo niliyojifunza kwa muuguzi na kwa wazee. Nayaandika ili kila nyumba ichague inaloweza.

Kwanza, katakata mboga ndogo ndogo, au itwange. Jani likivunjika, karotini hutoka kwa urahisi. Kisamvu kitwangwe na kiive vizuri kabisa kabla ya kutia karanga, kwa kuwa kisamvu kibichi kina sumu.

Pili, usipike mchicha mpaka ukawa mweusi. Upike kwa muda mfupi, ufunike chungu.

Tatu, tia mafuta katika mlo huo huo wenye mboga. Yanaweza kuwa karanga zilizopondwa, ufuta uliopondwa, korosho zilizopondwa, tui la nazi, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Yote yanafaa. Ufuta lazima upondwe. Mbegu nzima hupita tumboni kama zilivyoingia.

Nne, chagua karanga kabla ya kuponda. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe. Zinaweza kuwa na sumukuvu, nayo huharibu ini.

Tano, mtoto mwenye miezi 6 akianza kula, uji wake na mboga yake vitiwe karanga iliyosagwa laini. Usimpe karanga nzima, itamkaba. Aendelee kunyonya, maana maziwa ya mama yana vitamini A na mafuta pamoja. Na mama anayenyonyesha ale mboga yenye mafuta, ili maziwa yake yawe na akiba hiyo.

Sita, embe na papai pia vina karotini. Mtoto akila embe baada ya mlo wenye karanga, hufaidi zaidi kuliko akilila peke yake akiwa na njaa.

Saba, unaposikia siku ya matone ya vitamini A, mpeleke mtoto. Apewe na dawa ya minyoo, kwani minyoo huzuia chakula kuingia mwilini. Mafuta ya chunguni hayaondoi haja ya kliniki.

Na ukimwona mtoto anapapasa jioni, anajikwaa, au hataki kutoka kwenye mkeka jua likizama, usingoje. Usimcheke wala usimwite mvivu. Mpeleke zahanati siku inayofuata.

Msimu wa kuvuna ukifika, magunia yatashonwa na kupelekwa ghalani. Nawaomba akina baba na akina mama wafanye hesabu kabla gunia la mwisho halijashonwa. Hesabuni watu wa nyumba yenu. Kwa kila mtu tengeni kilo 3 na nusu hadi kilo 4 za ufuta au karanga zilizobanguliwa. Hicho ndicho chakula cha mwaka. Kinachobaki, kipelekeni mnadani.